Shahidi Asiyekufa

Siku Baraza lilipomwita Luhende kuja kutoa ushahidi, Luhende alikuwa amekwisha zikwa, matanga yake yamekwisha anuliwa, na mkewe amekwisha zoea kulala katikati ya kitanda. Tarishi wa Baraza hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Alisimama mlangoni mwa maabara, kofia mkononi, akauliza kwa adabu:

"Naomba kumwona Bwana Luhende."

Nyanjige, mjane wake, aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Luhende amefariki."

"Hilo la kufariki tunalijua, mama, na poleni sana. Mimi nimetumwa kwa yule aliyebaki." Akanyoosha kidole kuelekea kabati la joto lililokuwa likinguruma taratibu ukutani. "Baraza linaketi wiki hii kuamua kama Rehema imeua mtu. Shahidi wa kwanza ni yeye. Na kwa kuwa hawezi kwenda, Baraza litakuja hapa hapa."

Alipokwisha kusema hayo akavaa kofia yake, akaondoka. Nyanjige alibaki ameshika meza. Katika nchi ile, ambayo wenyeji wake waliacha zamani kuitaja kwa jina kwa sababu kila aliyeitaja aliulizwa ana maana gani, mambo mengi yalikuwa yamepinda na watu wakazoea kutembea kwa kuyafuata yalivyopinda. Barabara ya kwenda sokoni ilikuwa fupi na ya kurudi ilikuwa ndefu. Watoto walizaliwa wakilijua jina la Mwenyekiti kabla ya kulijua la baba zao, na wajumbe wa Baraza walikuwa hawazeeki, au walikuwa wamezeeka zamani mno hata uzee wenyewe ukawachoka, kwani hakuna mtu aliye hai aliyekumbuka siku walipoanza kuketi. Lakini kumwita maiti atoe ushahidi kwamba hakuuawa! Hilo lilikuwa jipya hata kwa nchi ile.

Rehema ilikuwa dawa. Ilishuka kutoka angani, nyeupe kama maziwa yaliyozidishwa maji, ikamwagwa na ndege juu ya mashamba ya pamba ili wadudu wafe. Wadudu walikufa kweli. Kisha wakafa nyuki, kisha kuku, kisha ikaanza zamu ya waliosimama chini. Luhende alikuwa mmoja wa waliosimama chini. Kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa matuta akipunga kitambaa cheupe, ili rubani ajue mstari ulipo. Ndege ilimpitia kichwani, yeye akahamia tuta jingine, akapunga tena. Alikuwa mtu wa utani. Akirudi nyumbani jioni, shati limegandana mgongoni, alikuwa akimwambia mkewe: "Leo nimerehemewa mpaka masikioni."

Kisha ngozi ya viganja ikaanza kumtoka kama ganda la kitunguu. Kisha miguu ikasahau kutembea. Alipoona sasa hainuki tena, alimwita mkewe, ambaye kazi yake katika maabara ya Jumba la Uhai ilikuwa kuchunguza dawa na mionzi huzifanya nini seli za viumbe, akamwambia:

"Nyanjige, chukua kipande."

"Kipande cha nini?"

"Cha mimi. Wao wanasema dawa haina neno. Usiwaulize wao. Iulize ngozi yangu."

Mama yake, Bi Minza, alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, na alipinga hapo hapo. Mtu huzikwa mzima, alisema, haachwi vipande vipande kwenye vichupa. Luhende alicheka kwa tabu. "Mama, mzima wa wapi? Meno yangu ya mbele niliyaacha uwanja wa mpira." Akanyoosha mkono. Nyanjige akakata kipande kidogo upande wa ndani wa mkono, pale jua lisipofika, akakiweka kwenye maji ya kukuzia. Luhende akafa mvua za kwanza.

Lakini kwenye kisahani hakufa. Kile kipande kilitoa seli, seli zikashuka sakafuni mwa kisahani zikajilaza kama watu waliojilaza mkekani, kila moja ikinyoosha mkono mpaka iguse jirani yake, na ikishagusa, inatulia. Nyanjige alizigawa. Sehemu aliitia kwenye vichupa na kuizamisha katika tangi la baridi kali, ile baridi inayosimamisha kila kitu, hata kuzeeka. Sehemu aliidondoshea Rehema.

Nyingi zilikufa. Hazikufa kwa kishindo. Kila seli iliukunja mkono iliokuwa imeunyoosha, ikajikusanya ikawa duara, ikatoa mapovu madogo, ikaachia sakafu na kuelea. Profesa Kalokola, mkuu wa maabara, alikuja akazitazama. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyependa kila kilicho hai kuliko alivyopenda habari za waliokufa.

"Zilizokufa zimwage," alisema. "Sisi tunafuata zilizobaki. Humo ndimo siri ya uhai ilimo."

Basi zilizobaki zikalishwa, zikapewa nafasi, zikajaa kisahani kizima. Zikadondoshewa Rehema tena, zilizokufa zikamwagwa. Zikawekwa chini ya mashine ya mionzi, nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, zilizokufa zikamwagwa. Zikanyweshwa dawa kali za hospitali, zile zinazoua uvimbe na nywele pamoja, zilizokufa zikamwagwa. Kila mara wachache waliobaki walirithi nyumba yote. Mwishowe zikapatikana seli ambazo hazikujali chochote. Ukizimwagia Rehema, zinakunywa. Ukizipiga mionzi, zinagawanyika mara ile ile. Hazikulala tena ubavu kwa ubavu. Zilipandana, zikakanyagana, na zikigusana hazikutulia. Profesa alifurahi kama baba aliyepata pacha. Akaziita Ukoo wa Chuma.

Seli nzima, aliwaza Nyanjige siku hizo akiwa ameinamia hadubini, ina adabu mbili. Ya kwanza, ikimgusa jirani husimama. Ya pili, ikipata jeraha lisilotibika hukubali kufa, ili mwili uliobaki uishi. Mwili wote wa binadamu umesimama juu ya adabu hizo. Vidole vyetu vilitengana tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilikubali kuondoka. Chuma kilikuwa kimezisahau zote mbili. Kisichokubali kufa si uhai uliozidi. Ni kitu kingine kilichovaa nguo za uhai na kuketi kwenye kiti chake, na kila kinachoketi hivyo bila kuinuka, kiwe kisahani kimoja au nchi nzima, hula kila kilicho karibu nacho na kuita kule kula kwake amani. Aliwaza hivyo, kisha akatazama mlango, kwa sababu katika nchi ile hata mawazo yaliweza kusikika yakiwa na makali.

Sasa ndicho Chuma kilichoitwa mbele ya Baraza, kwa jina la mumewe.

Alimfuata Profesa ofisini. "Profesa, hawa si Luhende."

"Wametoka kwake, Nyanjige. Ngozi yake, urithi wake. Ukiwapima utamkuta yeye."

"Nitamkuta yeye tukiwa tumemwondolea kila kilichoweza kuumia. Tulimwaga kila aliyekufa, Profesa. Tumebaki na wasiosikia, na leo tunawauliza kama iliuma."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyetazama upande mmoja kwa muda mrefu mpaka shingo ikakataa kugeuka. "Baraza halitaki maneno," alisema mwishowe. "Chuma wanakiona kwa macho, kwenye kioo, kinakunywa dawa na kuishi. Wewe una kitu gani cha kuwaonyesha?"

"Kuna kichupa ndani ya tangi."

"Vilikuwa vingi."

"Tumevitumia. Kimebaki kimoja. Za mwanzo kabisa, kabla hazijaonja dawa."

Profesa akavaa miwani yake. Kisha akasema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikubembeleza: "Ukikiyeyusha, hakuna kingine. Hapo ndipo atakapokuwa amekwisha kabisa. Umefikiri?"

Hakuwa amefikiri. Alikwenda kufikiri njiani, akielekea kwa mama mkwe wake, kwenye ile barabara ambayo siku hiyo ilirefuka kwenda na kurudi.

Alimkuta Bi Minza uani, amekaa juu ya kigoda, anapepeta kunde. Wote wawili hawakuwa wameongea sawasawa tangu msiba. Nyanjige alipiga magoti kusalimia, akaitikiwa kwa mkato, akaeleza yote bila kuficha: Baraza, Chuma, kichupa. Ungo uliendelea kupanda na kushuka mpaka alipomaliza. Ndipo ukasimama.

"Kwa hiyo miaka yote hii mwanangu yuko kwenye baridi."

"Kidogo chake, Mama."

"Kidogo chake ni yeye. Mimi hapa nalia, sijui namlilia yupi. Aliye kaburini nusu, aliye kwenye chupa nusu. Hata ndotoni hanijii mzima. Anakuja hana mkono." Alishika ungo kwa nguvu. "Na leo umekuja kuniambia unataka kumtoa ili umwue mara ya pili."

"Mama, wao wamekwisha mchukua. Watamsimamisha pale, atasema Rehema haina neno. Kwa jina lake. Kesho ndege itaruka, na atakayepunga kitambaa atakuwa mtoto wa mtu mwingine."

"Mtoto wa mtu mwingine!" Bi Minza alicheka kicheko kikavu. "Wa kwangu alipokuwa anapunga, nani alikuja kukaa uani kwake na kuomba ruhusa?"

"Hakuna."

"Hakuna." Akaanza kupepeta tena. Makapi yaliruka, yakatua kwenye goti la Nyanjige, naye hakuyapangusa. Baada ya muda bibi akasema, macho kwenye ungo: "Ruhusa sikupi. Mama hatoi ruhusa ya namna hiyo. Lakini hiyo siku ya Baraza nitakuja. Nataka niwaone machoni."

Nyanjige alikitoa kichupa mwenyewe. Alikishika kwenye maji ya uvuguvugu, akikitikisa taratibu kama anayemtuliza mtoto, mpaka barafu ikalegea. Akazimimina seli kwenye visahani, akazilisha, akazifungia kwenye kabati la joto. Alipozitazama tena zilikuwa zimeshuka sakafuni na kunyoosha mikono.

Hizi ndizo, aliwaza. Hizi zilikuwa kwenye mkono alipokuwa anapunga. Hizi zilikuwa upande wa ndani, ule nilioulalia kichwa. Hazijui kwamba amekufa. Hazijui kuna kaburi. Kwao ni ile ile asubuhi, nami ndiye niliyezeeka ghafla, nimeingia na mvi. Wewe ni nani, basi? Ni yule aliyekufa, au ni huyu ninayemwona ameishika mikono ya jirani zake? Na mimi ni nani, mjane au mke? Kama uko hai, kesho nitakuwa muuaji. Kama umekufa, kesho nitakuwa mtu aliyeukataa uongo. Nichagulie. Hapana, usinichagulie, ulikwisha chagua, ulisema iulize ngozi yangu. Basi nakuuliza. Na nisipouliza mimi, watauliza wao, na watamuuliza asiyekuwa wewe.

Alizunguka akafungua kabati la pili, akakitoa kisahani cha Chuma, akakiweka chini ya hadubini hiyo hiyo. "Na ninyi," alisema kwa sauti, "mna habari gani ya Luhende? Alipenda nini? Alimwogopa nani?" Chini ya kioo seli ziliendelea kupandana. Moja ikawa mbili mbele ya macho yake, mbili zikaikanyaga ya tatu. Hilo ndilo lililokuwa jibu lao kwa kila swali.

Baraza lilipoketi, jua lilisimama, maana ndivyo ilivyokuwa desturi yake; lilisimama juu ya madirisha ya ukumbi wa Jumba la Uhai na vivuli vikaganda miguuni pa watu. Wakulima wa pamba walijaa mpaka kwenye ngazi. Bi Minza aliketi benchi la mbele, kitenge kimefungwa kifuani, hakuitikia salamu ya mtu. Mbele palikuwa na hadubini iliyounganishwa na kioo kikubwa ukutani, kila mtu aone. Mwenyekiti aliingia mwisho. Sura yake ilikuwa laini, haina mkunjo hata mmoja, kama kitu kilichomwagwa kikagandia kwenye kiti.

"Aletwe shahidi," alisema.

Karani akakiweka kisahani cha Chuma chini ya hadubini. Ukuta mzima ukajaa seli.

"Shahidi, wewe ni Luhende, aliyekuwa mpunga kitambaa?"

Karani alikitazama kioo. "Shahidi anasogea, Mheshimiwa."

"Iandikwe kwamba amekubali. Shahidi, umewahi kukutana na dawa iitwayo Rehema?" Karani akadondosha Rehema. Seli zikatikisika kidogo, kama watu waliopitiwa na gari, kisha zikaendelea na yao. "Je, umekufa?"

"Hajafa, Mheshimiwa. Anaongezeka."

Wajumbe wakapiga makofi, na makofi yao yalilingana kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Akaitwa rubani, mwanaume mwembamba mwenye ovaroli ya kijivu. Aliulizwa alichokijua.

"Niliona kitambaa, nikamwaga. Kitambaa kilipohama, nikahama."

"Na aliyekishika?"

"Kutoka juu mtu haonekani, Mheshimiwa. Kinaonekana kitambaa."

"Vizuri sana. Keti." Mwenyekiti akakunjua karatasi ya uamuzi. Hapo Nyanjige akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shahidi huyu mimi simjui."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mwenyekiti alimtazama bila hasira, kama mtu anavyolitazama tone la mvua kwenye mkono. "Huyu ni mume wako, bibie. Wewe mwenyewe umemlea."

"Nimemlea, ndiyo. Lakini mume wangu alikufa kwa Rehema. Huyu ni yule ambaye Rehema ilimchagua. Tulipozitia seli zake dawa mara ya kwanza walikufa wengi wakabaki wachache, na waliokufa tukawamwaga. Tukarudia, tukawamwaga. Leo mmewaita waliobaki, mnawauliza kama kuna aliyekufa. Watajuaje? Wao walipewa nyumba za waliokufa! Hata ninyi," na hapa sauti yake ilipanda bila yeye kuiamuru, "hata ninyi mkiulizwa kama nchi hii ina njaa, mtasema haina, kwa sababu walioumwa na njaa hawakai kwenye viti hivyo. Aliyebaki hana haki ya kusema kwamba hakuna aliyeondoka. Shahidi wangu ninaye mimi. Ndiye huyu."

Hakungoja ruhusa. Alikiondoa kisahani cha Chuma, akaweka chake. Ukuta ukabadilika. Waliokuwa wakipandana wakatoweka, na mahali pao pakajaa seli ndefu, tulivu, zimelala ubavu kwa ubavu, zimeshikana. Mtu mmoja nyuma akasema, "Lo!" kama aliyeona shamba lililopandwa vizuri.

"Huyu ndiye Luhende jinsi alivyokuwa siku aliponipa mkono," alisema Nyanjige. "Hajaonja dawa yoyote." Akachukua pipeti, kile kimrija cha kudondoshea dawa. Mkono wake ulikuwa mzito, kama wa mtu anayechota maji kisimani kwa kamba ndefu. Akadondosha Rehema, kiasi kile kile walichokinywa wale wengine.

Wakangoja. Jua halikusogea, hivyo hakuna aliyejua wamengoja kiasi gani. Kina mama walinyonyesha, wazee walisinzia wakaamka. Kisha upande mmoja wa kioo seli moja ikauvuta mkono wake. Jirani yake akabaki ameunyoosha wa kwake, hana wa kumshika. Akaukunja naye. Zikajikusanya, zikawa duara, zikatoa mapovu, moja baada ya nyingine zikaachia sakafu, mpaka ukuta mzima ukawa kama ziwa lenye punje zinazoelea. Nyanjige alitazama mpaka mwisho. Alikuwa amejiahidi kutofumba macho, na hakufumba, ingawa machozi yalimfanya asione kitu.

Profesa Kalokola alisimama. "Sharti niulize. Zimetoka kwenye baridi kali. Tutajuaje kwamba hazikufa kwa baridi?"

"Umeuliza vizuri, Profesa." Akaweka kisahani cha tatu. "Hizi zimetoka kwenye kichupa hicho hicho, saa ile ile. Nimezidondoshea maji safi tu." Ukutani zikaonekana seli zimelala, zimeshikana, hazina neno.

Profesa aliusogelea ukuta akazitazama. Shingo yake, unaweza kusema, iligeuka. "Ni sahihi," alisema. "Nami nasema ni sahihi, Mheshimiwa, na liandikwe jina langu." Akaketi kama mtu aliyetua mzigo akagundua mgongo bado unauma.

Mwenyekiti hakubadilika uso. "Mara moja ni bahati mbaya," alisema. "Sayansi ni kurudia. Rudia."

"Mheshimiwa, zimebaki hizi tu."

"Basi rudia kwa hizo."

Nyanjige alishika pipeti. Aliijua hila ile. Ndivyo walivyofanya siku zote: ukileta maumivu yako wanakuambia uyalete tena, na tena, mpaka uishiwe, na ukishaishiwa wanasema hukuwa nayo. Na bado angerudia. Angeziua hata hizi za mwisho mbele ya macho yao yasiyo na mikunjo. Alishusha ncha ya pipeti mpaka ikakaribia maji.

"Weka chini kitu hicho."

Ilikuwa sauti ya Bi Minza. Alikuwa amesimama.

"Mama, keti," alisema Mwenyekiti.

"Nimeketi sana." Alikuja mbele bila haraka, kandambili zikipiga sakafu. Alifika mezani, akaweka kiganja juu ya kisahani kile cha tatu. "Hizi haziguswi. Mwanangu amesema. Alisema shambani akafa, amesema hapa akafa tena, wote tumeona. Mnataka ya tatu?" Alikunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mbele ya Mwenyekiti. Ngozi ilikuwa imelegea, upande wa ndani ni mweupe kuliko nje. "Yeye alitoka humu. Rudieni kwangu."

"Huyu hakuitwa kutoa ushahidi," alisema Mwenyekiti kwa karani.

"Luhende naye hakuitwa," Nyanjige akajibu, "mpaka alipokufa. Sisi tumekuja tukiwa hai."

Alimgeukia mama mkwe wake. Wakatazamana, na katika kutazamana kule hapakuwa na msamaha wala deni. Palikuwa na kazi. "Itauma, Mama."

"Nimezaa, mwanangu. Kata."

Nyanjige alipangusa ngozi kwa spiriti, akakata kipande kidogo, akakitia kwenye kichupa chenye maji ya kukuzia. Karani, kwa mazoea tu, akamnyooshea kibandiko chenye namba. Alikikataa. Aliandika kwa mkono wake: *Minza, mama wa Luhende*. Kisha akawageukia watu.

"Zitakua," alisema. "Tutazitia dawa. Na safari hii hakuna atakayemwagwa. Waliokufa tutawahesabu wa kwanza. Sitaki mtu mmoja ambaye ngozi yake itaitwa ndiyo ngozi ya wote, maana mmeona walivyomgeuza yule mmoja. Nataka nyote."

Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama, akaja mbele akikunja mkono wa blauzi. Nyuma yake mzee. Nyuma ya mzee vijana watatu waliokuwa wamepangiwa kupunga vitambaa msimu unaokuja.

"Kikao kimefungwa!" alisema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza palionekana mstari mwembamba kwenye paji lake. "Zimeni umeme."

Wakazima. Kioo cha ukutani kikawa cheusi, hadubini ikafa. Lakini hakuna aliyehitaji umeme ili kukunja mkono wa shati, na jua lilikuwa pale pale madirishani, limejaa ukumbini. Halafu nalo likaanza kusogea. Halikupewa ruhusa, lilisogea tu, vivuli vikajibandua miguuni pa watu na kurefuka. Wajumbe walivitazama vivuli vyao kwa mshangao wa watu wasiowahi kuwa navyo. Karatasi ya uamuzi ilibaki mezani haijasomwa. Profesa Kalokola alikuwa amevua koti lake jeupe, amekwenda ndani, na sasa alirudi amebeba sinia la vichupa, akasimama kando ya Nyanjige, akawa anafungua vizibo kimoja kimoja.

Mstari ulifika mlangoni, ukashuka ngazi. Jina likaandikwa, kipande kikakatwa, kichupa kikafungwa. Nyanjige hakuhesabu. Aliinua macho pale tu mstari uliposimama ghafla.

Aliyekuwa mbele yake alivaa ovaroli ya kijivu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunjwa. Ngozi ya kiganja ilikuwa inambanduka kidogo pembeni, kama ganda la kitunguu, naye alijaribu kuifunika kwa kidole gumba.

Bi Minza, aliyekuwa ameketi sasa na pamba kwenye jeraha lake, alimtazama machoni.

"Hukumwona mwanangu?"

"Sikumwona, mama," alisema rubani. "Kweli sikumwona."

"Basi sogea huku kwenye mwanga, wewe uonekane."

Rubani akasogea. Nyanjige alikishika kisu juu ya mkono ule. Angeweza kumrudisha, hakuna mtu ukumbini ambaye angemlaumu. Aliutazama upande wa ndani, pale jua lisipofika, na ukawa mkono tu, kama mikono mingine yote. Akamuuliza jina lake, jina ambalo hakuna mkulima aliyewahi kulijua. Akaliandika. Akakata.

Nyuma yake Mwenyekiti aligonga meza, akagonga tena, na safari hii alisikika amechoka. Nyanjige hakugeuka. Alifunga kichupa, akapangusa kisu, akainua uso kwenye mstari.

"Anayefuata," alisema.